Nyumba Njema si Mlango: Kuchagua Kruza Iliyotumika kwa Mfuko Mdogo

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, tukaiandikia insha na kuitahiniwa. Hata hivyo, ni nadra kwa mwanafunzi wa Kiswahili kupata nafasi ya kuipima sokoni, akiwa na fedha za watu mfukoni. Mwandishi wa makala haya aliipata nafasi hiyo mwezi wa Oktoba mwaka uliopita, nyumbani kwao Mogogosiek, eneo la Konoin, Kaunti ya Bomet.

Mama alikuwa amepokea bonasi ya majani chai, yale malipo ya mara moja kwa mwaka ambayo mkulima mdogo huyangoja ili alipe karo, apige bati, au atimize ahadi aliyoiahirisha tangu Januari. Kati ya fedha hizo alitenga shilingi 70,000 ili mdogo wangu, aliyekuwa akiingia mwaka wa pili katika Chuo Kikuu cha Kabianga, kaunti jirani ya Kericho, apate chombo cha kumpeleka na kumrudisha. Siku za Jumamosi chombo hicho kingebeba magunia ya majani hadi kituo cha kupimia. Mdogo wangu naye alikuwa na akiba ya shilingi 30,000.

Haikupita wiki akaja na picha katika simu: pikipiki nyeusi, ndefu, kiti kimelala chini, usukani umepanuka kama pembe za fahali, tangi linameremeta. Bei yake shilingi 95,000.

"Kaka, hii ndiyo," akaniambia.

Mama aliitazama picha mara moja tu, kisha akanigeukia mimi. "Wewe unayesomea maneno, nenda ukamsikilize huyo anayeuza. Majani yale niliyachuma kwa vidole hivi, mwanangu. Hayachumwi mara mbili."

Makala haya yamezaliwa na safari hiyo. Yanalenga kumfafanulia msomaji namna ya kuchagua pikipiki ya aina ya kruza iliyokwisha kutumika, endapo fedha alizo nazo ni kidogo na makazi yake ni katika nyanda za chai. Hoja kuu ni moja: bei aitajayo muuzaji ni sehemu tu ya bei ya pikipiki. Sehemu iliyosalia hulipwa baadaye, barabarani, katika duka la spea na katika ofisi za usajili, nayo ndiyo humfilisi mwenye mfuko mdogo.

Kruza ni Pikipiki ya Namna Gani?

Katika makala haya, neno kruza linatumika kwa pikipiki ambayo kiti chake kiko chini, gurudumu la mbele limesogezwa mbali na la nyuma, usukani ni mpana, na mahali pa kukanyagia pako mbele kiasi cha kumfanya mwendeshaji akae kama aliyeegemea kitini. Umbo hili lilikulia Marekani, ambako kampuni ya Harley-Davidson ilianza kazi mjini Milwaukee mwaka 1903. Ni umbo la nchi yenye barabara pana na zilizonyooka, ambamo mtu huweza kwenda saa nzima bila kubadilisha gia.

Baadaye viwanda vya Japani vilitengeneza kruza ndogo kwa ajili ya wasio na uwezo mkubwa. Honda Rebel ya cc 250 ilitoka mwaka 1985, na Yamaha Virago ya ukubwa huo ikafuata mwaka 1988. India nayo ilileta Bajaj Avenger mwaka 2005, na viwanda vya China vimeunda kruza nyingi za cc 150 hadi 250. Hizi ndizo ambazo mwenye mfuko mdogo anaweza kuzifikia zikiwa zimetumika.

Ni lazima tuitofautishe kruza na pikipiki ya kazi, yaani ile inayoonekana katika kila kituo cha bodaboda: Bajaj Boxer, TVS HLX, Honda Ace na wenzake. Hizi zina injini ya silinda moja inayopozwa kwa hewa, kiti kirefu kilichonyooka, keria nyuma na magurudumu membamba. Serikali ya Kenya ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki za chini ya cc 250 mwaka 2008, pikipiki za kazi zilienea kila kijiji. Palipoenea pikipiki palienea pia mafundi na maduka ya spea. Jambo hilo litakuwa na uzito mkubwa katika uchaguzi wetu, kama tutakavyoona.

Barabara, Mwinuko na Mvua

Swali la kwanza haliihusu pikipiki bali njia. Mnunuzi ajiulize: kutoka mlangoni pangu hadi ninakokwenda, ni wapi penye lami, ni wapi penye maramu, na ni wapi penye udongo mtupu uliochimbwa na matairi ya lori la majani?

Kruza iko karibu na ardhi. Hilo humfaa mtu mfupi na humpa mwendeshaji utulivu katika lami, lakini tumbo la pikipiki, pamoja na bomba la moshi linalopita chini, hukwaruza kila tuta na kila jiwe. Tena ni nzito. Pikipiki ya kazi ya cc 100 au 125 huwa na kilo kama 110 hadi 120, ilhali kruza ya cc 250 huwa na takriban 150. Tofauti hiyo haionekani sana chombo kinapokwenda. Huonekana kinapozama katika tope la Aprili, nawe uko peke yako, na giza linaingia.

Pili ni mwinuko. Sehemu kubwa ya nyanda za chai za Kericho na Bomet iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho uzito wa hewa ni kama asilimia 80 tu ya ule wa Mombasa. Injini huchoma mafuta kwa msaada wa hewa, kwa hiyo hewa inapopungua nguvu hupungua. Baadhi ya kruza za bei nafuu zimepewa injini ya cc 150, sawa na ile ya pikipiki ya kazi, kisha ikavishwa mwili mzito zaidi. Chombo kama hicho kikiwa na watu wawili katika mlima mkali, hupanda kwa kuugua.

Tatu ni mvua. Chai hustawi kwetu kwa sababu mvua haikauki kwa muda mrefu. Mvua hiyo hiyo huila ile nikeli inayomeremeta ambayo kwayo kruza husifiwa. Ukiona kutu imeanza chini ya tangi, katika spoku au ndani ya bomba la moshi, ujue kwamba kazi ya kung'arisha ilifanywa kwa macho ya mnunuzi tu.

Mwisho ni mzigo. Mama aliuliza swali moja kuhusu ile picha, nalo lilitutosha kwa siku nzima: "Gunia litakaa wapi?" Sehemu ya nyuma ya kruza imeinama na kuishia katika kiti kidogo cha abiria. Haina keria, na kuichomea keria ni kubadilisha uwiano wa chombo ambacho hakikuundwa kwa kazi hiyo.

Fimbo ya Mbali: Suala la Spea

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Kifaa kilichoko Nairobi hakiwezi kumwokoa mtu aliyekwama Mogogosiek siku ya Jumatatu akiwa na mtihani saa mbili asubuhi. Kwa hiyo kabla ya kwenda kuiona kruza yoyote, mnunuzi atembelee maduka ya spea yaliyo karibu naye, iwe Mogogosiek, Litein au mjini Bomet, aulize bei na upatikanaji wa vifaa vitano vinavyochakaa haraka: cheni pamoja na sproketi zake, kebo ya klachi, pedi au viatu vya breki, plagi, na tairi la nyuma.

Tairi peke yake latosha kutufunza. Honda Rebel 250, Yamaha Virago 250 na Bajaj Avenger zote hutumia gurudumu la nyuma la inchi 15, na tairi lake ni pana. Pikipiki za kazi hutumia inchi 17 au 18. Mwenye duka la kijijini huweka kile kinachouzwa kila siku, na kinachouzwa kila siku ni cha bodaboda. Mwenye kruza ataagiza, atalipa nauli ya kifurushi, na atangoja. Wakati wa kungoja pikipiki haitembei, na mwenyewe hulipa nauli kama asiye na pikipiki.

Kuna njia ya kupunguza tatizo hili, nayo ni kuchagua injini kabla ya kuchagua umbo. Mwaka 1976 Honda ilitoa pikipiki iitwayo CG125, ambayo injini yake ilibuniwa makusudi kwa ajili ya nchi ambamo pikipiki hufanya kazi nyingi na kupata matengenezo machache. Viwanda vya China viliiiga injini hiyo kwa wingi, vikaitia katika pikipiki za kazi na hata katika baadhi ya kruza ndogo. Fundi aliyezoea pikipiki za Kichina za bodaboda anaijua injini hii. Kwa hiyo kati ya kruza mbili zilizo na bei moja, ile ya cc 150 yenye injini ya mtindo wa CG yaweza kuwa chaguo bora kuliko ile ya Kijapani yenye silinda mbili na jina kubwa. Jina halifungui duka la spea.

Tofauti nyingine ni ya kuwashia. Virago 250 na Rebel 250 huwashwa kwa stata ya umeme pekee. Hazina kiki ya mguu. Betri ikifa, zitasukumwa. Asubuhi ya baridi mlimani, kiki ni rafiki wa maskini.

Lugha ya Muuzaji

Mama alinituma nikasikilize, nami nikasikiliza. Soko la vyombo vilivyotumika lina sarufi yake, na mwanafunzi wa isimu akiingia humo atapata mifano mingi kuliko iliyomo katika vitabu vyake.

Kauli ya kwanza ni "injini haijafunguliwa." Hii husemwa kama sifa, kwa maana kwamba injini haijawahi kuharibika hata fundi akaifungua. Lakini injini iliyofanya kazi miaka mingi bila kufunguliwa huenda ndiyo inayokaribia kufunguliwa, na atakayelipa gharama ni mnunuzi. Injini iliyofunguliwa na fundi stadi, ikatiwa pistoni na ringi mpya, yaweza kuwa salama zaidi. Swali la kuuliza ni: oili ilibadilishwa lini mara ya mwisho, na ni fundi gani anayeijua pikipiki hii?

Kauli ya pili ni "shida yake ni betri tu." Neno tu hubana maana, na muuzaji hulitumia kuibana shida. Jibu la heshima ni hili: "Basi, ndugu yangu, azima betri nzima uitie, tuiwashe pamoja." Ikiwaka, neno tu lilikuwa la kweli.

Kauli ya tatu huja katika kauli ya kutendeka: "taa ilivunjika," "usukani ulipindika kidogo." Tunajua kwamba kitenzi cha namna hii humwondoa mtenda na tendo lake. Taa haivunjiki yenyewe. Mnunuzi arudishe mtenda katika sentensi: nani aliivunja, wapi, na nini kingine kiligonga chini siku hiyo?

Kauli ya nne ndiyo iliyonishtua zaidi. Tulipouliza kuhusu hati ya umiliki, ambayo watu wote huiita logibuku, tulijibiwa: "Logibuku iko." Tumefundishwa kwamba -po ni ya mahali mahususi, -ko ni ya mahali pasipo dhahiri, na -mo ni ya ndani. Logibuku ipo mezani, imo mfukoni, au iko mahali fulani usipopajua. Nakiri kwamba katika mazungumzo ya kawaida nchini Kenya watu husema iko kwa yote matatu. Siku ile, hata hivyo, sarufi sanifu ilisema kweli: haikuwa mezani wala mfukoni.

Kuikagua Pikipiki

Nyumba njema si mlango. Sharti ufungue uingie ndani. Ukaguzi ufanywe mchana, pasipo mvua, na ikiwezekana mnunuzi aandamane na fundi wake mwenyewe, si yule aliyependekezwa na muuzaji. Utaratibu ufuatao hauhitaji vyombo vya thamani.

Kabla ya yote, gusa injini. Ikiwa ina joto, iliwashwa kabla hujafika. Injini iliyochoka huwaka kwa taabu ikiwa baridi na kwa wepesi ikiwa na joto, kwa hiyo muuzaji asiyetaka uione taabu hiyo huipasha moto mapema. Omba ingojewe ipoe.

Ikiisha kuwashwa, tazama moshi. Moshi mweupe mwepesi wa asubuhi unaotoweka baada ya muda ni mvuke tu. Moshi wa samawati usiokoma ni oili inayoungua, dalili kwamba ringi za pistoni au sehemu za vali zimechakaa. Moshi mweusi ni mafuta mengi kupita hewa. Hapa tahadhari inahitajika: kwa sababu ya mwinuko wetu, kabureta iliyopangiwa nyanda za chini huweza kutoa mafuta mengi kuliko hewa iliyopo na kuipaka plagi masizi. Plagi nyeusi si hukumu ya kifo. Mara nyingi ni kazi ya marekebisho.

Chovya kijiti cha oili. Oili nyeusi ni ya kawaida ikiwa imetumika. Iliyogeuka rangi ya maziwa imeingiliwa na maji. Yenye chembe zinazometameta imebeba vumbi la chuma kutoka ndani ya injini, na hapo mazungumzo ya bei yafaa kukoma.

Nenda kwenye cheni. Ishike nyuma kabisa ya sproketi uivute kuelekea kwako. Ikitoka hata nusu ya jino la sproketi ionekane, imekwisha. Meno ya sproketi yakiwa yamepinda kama makucha, yote yatabadilishwa pamoja.

Inua gurudumu la mbele na uzungushe usukani polepole kutoka kushoto hadi kulia. Ukihisi unakwama katikati, kama unaoangukia katika shimo dogo, beringi za shingo zimeliwa. Tikisa gurudumu kwa pande. Likicheza, beringi zake zimelegea. Bonyeza foku za mbele mara kadhaa uone kama zinavuja oili. Kisha jitenge hatua chache nyuma, mwombe mtu aiendeshe moja kwa moja, utazame kama magurudumu mawili yanafuata mstari mmoja. Yasipofuatana, fremu au foku imepinda, na rangi mpya haiwezi kuinyosha.

Usiamini mita ya kilomita peke yake, maana hubadilishwa na hukatika. Linganisha namba zake na raba za mahali pa kukanyagia, vishikio vya usukani na kiti. Pikipiki inayodai kilomita 9,000 huku raba zake zimelika hadi chuma inajipinga yenyewe. Soma pia ubavuni mwa tairi: tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT hutaja wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa mfano 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye miaka mingi huwa gumu na huteleza katika lami yenye maji, hata kama nakshi zake bado ni nzima.

Mali bila Daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari. Nambari ya fremu hugongwa katika chuma cha shingo ya pikipiki, na nambari ya injini hugongwa ubavuni mwa injini. Nambari hizo mbili na ile ya usajili zilingane na zilizomo katika logibuku, tarakimu kwa tarakimu. Nambari iliyosuguliwa kwa tupa au kugongwa upya ni sababu ya kuondoka, hata kama bei imeshushwa nusu. Anayenunua mali ya wizi huipoteza mali, huzipoteza fedha, na huweza kushtakiwa kwa kupokea mali ya wizi.

Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, huhifadhi kumbukumbu za kila chombo. Kwa ada ndogo mnunuzi huweza kuomba kumbukumbu hizo kupitia eCitizen, akaona jina la mwenye chombo na kama kuna taasisi ya mikopo inayokidai. Jambo hili la mkopo lisidharauliwe. Pikipiki nyingi nchini zimenunuliwa kwa mkopo, na mkopeshaji huandikishwa pamoja na mkopaji hadi deni liishe. Mwenye kuiuza kabla ya hapo anauza kisicho chake peke yake.

Uhamisho wa umiliki nao hufanywa mtandaoni: muuzaji huanzisha, mnunuzi hukubali katika akaunti yake. Fedha zote zisitoke mkononi kabla ya hatua hiyo. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, hairuhusu chombo kilichobadili mwenyewe kuendeshwa barabarani zaidi ya siku 14 bila mmiliki mpya kusajiliwa. Ile desturi ya kuandikiana karatasi mbele ya chifu na kuiacha pikipiki katika jina la mtu wa kwanza, kisha wa pili, kisha wa tatu, ni kujitafutia aibu ya baadaye.

Bima ya kumlinda mtu wa tatu ni ya lazima. Leseni nayo iwe ya daraja linalofaa: A2 kwa mwendeshaji wa kawaida, A3 kwa anayebeba abiria au vifurushi kwa malipo. Sheria humtaka mwendeshaji na abiria wake wavae helmeti na jaketi la kuakisi mwanga, na abiria asizidi mmoja.

Hesabu ya Fedha

Tulirejea kwa mama na hesabu iliyoandikwa katika karatasi. Fedha zote zilikuwa shilingi 100,000. Kruza nyeusi kwa shilingi 95,000 ingetuachia shilingi 5,000 za uhamisho, bima, helmeti mbili, majaketi, oili, cheni, na lile tairi la inchi 15 ambalo tayari lilikuwa limepara. Haikuhitaji mtaalamu wa hesabu kuona kwamba pikipiki hiyo ingelala chini ya mti hadi bonasi nyingine.

Kutokana na hesabu hiyo tulijiwekea kanuni: katika kila shilingi 100 za bajeti, 70 zinunue pikipiki na 30 zibaki. Kwa anayeitaka kruza, pengine 40 zibaki, kwa sababu ya ughali wa spea zake. Anayeona kwamba 60 zilizosalia hazimpi kruza nzima, ajue kwamba wakati wake haujafika. Kruza itamfaa mtu ambaye njia yake ni ya lami karibu yote, asiyebeba mzigo, aliye na fundi anayeijua injini hiyo, na ambaye ana namna nyingine ya kusafiri chombo kinapokuwa gereji. Kwa mtu huyo si anasa wala ujinga. Starehe ya mgongo katika safari ndefu ni faida ya kweli, na kiti cha chini humpa mwendeshaji mfupi uwezo wa kukanyaga ardhi kwa miguu yote miwili.

Sisi hatukuwa watu hao. Ile kruza tulikwenda kuiona hata hivyo, kwa kuwa tulikuwa tumeahidi kufika. Injini tuliikuta ina joto. Logibuku ilikuwa bado "iko." Nilipoinama shingoni kusoma nambari ya fremu, nilikuta chuma kimesuguliwa kikawa laini kama kijiko. Mdogo wangu alikipitisha kidole hapo bila kusema neno. Tulimshukuru mwenyewe, tukampa mkono, tukaondoka.

Baada ya majuma mawili tulinunua pikipiki ya kazi ya cc 125 kwa shilingi 66,000, kutoka kwa mtu ambaye jina lililokuwa katika logibuku lilikuwa jina lake, na ambaye alituonyesha fundi wake kabla hatujamwomba. Ilibadilishwa cheni na sproketi katika juma la kwanza, kama tulivyotarajia, na fedha za kazi hiyo zilikuwapo.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba kuichagua kruza iliyotumika kwa fedha kidogo ni kuyapima mambo manne kwa pamoja: njia itakayopitiwa, spea zitakazohitajika, hali ya chombo chenyewe, na hati za umiliki. Bei huja baada ya hayo. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili limeongezeka la tano, nalo ni kuisikiliza lugha ya soko kwa makini yale yale anayoyatumia kulisoma shairi, kwa maana kila tu, kila iko, na kila kitenzi kilichopoteza mtenda wake kina bei inayolipwa na mtu.

Mdogo wangu angali na picha ya ile kruza katika simu yake, nami simlaumu. Siku ya Jumamosi huifunga magunia mawili katika keria, akavaa helmeti, na mama humwambia aende polepole kwenye mteremko wa kituoni. Kisha husimama njiani akisikiliza mlio hadi ukome.